Maswali ya wasomaji: Kwa nini vizuizi vya janga hugeuka suala la vyama?

SWALI: Ndugu Mhariri, tangu janga la UVIKO-19 liingie nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo sijapata jibu lake. Virusi havina chama, na daktari anayetuhimiza tuvae barakoa huwaambia watu wote maneno yaleyale. Iweje basi katika baadhi ya nchi, ukijua mtu alimpigia nani kura, uweze kukisia kama atakubali barakoa, kufungwa kwa shule au amri ya kutotoka nje? Je, ni kweli kwamba watu wa mrengo wa kulia kwa asili hawapendi masharti na wale wa kushoto huyapenda? Na isingekuwa heri wanasiasa wanyamaze, kazi hiyo waachiwe madaktari?
Msomaji, mwalimu wa sekondari

JIBU: Ndugu Mwalimu, naomba nianze na sehemu ya katikati ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Kama asili ya mrengo ndiyo ingekuwa inaamua, mambo yangekwenda kinyume na tulivyoyaona. Kabla ya mwaka 2020, tafiti kadhaa za saikolojia zilikuwa zimeonyesha kwamba wenye msimamo wa kihafidhina, yaani wa mrengo wa kulia, huwa wepesi zaidi kuhofia maambukizi, na kwa hesabu hiyo wao ndio wangetarajiwa kuwa mstari wa mbele kudai vizuizi. Ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua watu Afrika Magharibi: wanasiasa wengi wa chama cha Republican, cha mrengo wa kulia, walidai safari zizuiwe na wanaorejea wawekwe karantini, ilhali serikali ya Barack Obama, ya chama cha Democratic, ilikataa kupiga marufuku safari hizo kwa hoja kwamba hatua hiyo ingewakwamisha wahudumu wa afya wanaohitajika huko. Haikupita hata miaka sita, na pande hizo mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Kuna neno la kweli katika dhana yako, na sitaki kulipuuza. Itikadi ina uzito pale tunapouliza ni kizuizi gani kinachozungumzwa. Mtu anayeamini kwamba dola isiingilie biashara wala ibada ataumizwa na amri ya kufunga duka au kanisa, lakini anaweza kuunga mkono kufungwa kwa mipaka bila kuona mgongano wowote. Ndiyo maana Rais Donald Trump, aliyekuja kuwa kipenzi cha wapinga vizuizi, alitangaza tarehe 31 Januari 2020 kuwazuia wageni wengi waliokuwa wametoka China, na wafuasi wake wakamuunga mkono. Kwa upande wa pili, anayeamini kwamba jamii ina wajibu wa kumlinda mnyonge hukubali kwa urahisi barakoa na kutokaribiana, ila huingiwa na wasiwasi polisi au serikali wanapopewa mamlaka mapya, kama ilivyokuwa Hungary mwezi Machi 2020, bunge lilipomruhusu Waziri Mkuu Viktor Orbán kutawala kwa amri bila kuwekewa kikomo cha muda.

Kwa maoni yangu, itikadi humpa mtu hoja za kujieleza, lakini upande atakaosimama huamuliwa zaidi na viongozi anaowaamini. Tazama Sweden na Denmark. Nchi zote mbili ziliongozwa na mawaziri wakuu wa chama cha Social Democrats, watu wa mrengo uleule wa kushoto. Mette Frederiksen wa Denmark alitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba shule zinafungwa, lakini serikali ya Stefan Löfven huko Sweden iliacha shule za watoto wadogo wazi na kutegemea ushauri kuliko amri. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba huko Sweden aliyetaka mtaalamu mkuu wa magonjwa ya milipuko, Anders Tegnell, ajiuzulu kwa kulegeza mno alikuwa Jimmie Åkesson, kiongozi wa chama cha mrengo mkali wa kulia. Alikuwa upinzani, serikali ilikuwa imechagua ulegevu, naye akachagua ukali.

Marekani yenyewe haikuanza ikiwa imegawanyika kama tunavyoikumbuka. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, ambaye ni Mrepublican, alikuwa miongoni mwa magavana wa kwanza kutangaza kufunga shule za jimbo zima, tarehe 12 Machi 2020. Mpasuko ulikua kadiri ishara kutoka juu zilivyozidi kupishana. Tarehe 3 Aprili, Trump alisimama mbele ya waandishi wa habari Ikulu na kusoma ushauri mpya wa mamlaka ya afya kwamba wananchi wafunike pua na mdomo. Katika mkutano huohuo akasisitiza kuwa ni hiari, na kwamba yeye mwenyewe hadhani kama angevaa. Msikilizaji aliyempenda alipewa taarifa ya daktari pamoja na ruhusa ya kutoifuata. Wiki mbili baadaye Rais huyo aliandika kwamba majimbo ya Michigan, Minnesota na Virginia, yaliyokuwa chini ya vizuizi, yakombolewe, yote matatu yakiwa chini ya magavana wa Democratic. Huko Ohio, waandamanaji walifika hadi nyumbani kwa mkurugenzi wa afya wa gavana, Amy Acton, ambaye mwezi Juni alijiuzulu. Watafiti waliochambua mienendo ya simu takriban milioni 15 kwa siku, kuanzia Machi hadi Mei, waliona kwamba kaunti zilizompigia kura Trump mwaka 2016 zilijitenga kwa asilimia 14 pungufu ya zile zilizompigia mpinzani wake wa Democratic, Hillary Clinton, na kwamba pengo hilo liliongezeka jinsi wiki zilivyosonga.

Ninasisitiza neno hilo, liliongezeka. Kama chanzo kingekuwa tabia waliyozaliwa nayo watu, pengo lingeonekana kwa ukubwa uleule tangu siku ya kwanza.

Brazil ilipitia njia hiyohiyo. Jair Bolsonaro, rais wa mrengo wa kulia wakati huo, aliuita ugonjwa huo mafua madogo, akamfukuza waziri wake wa afya, Luiz Henrique Mandetta, mwezi Aprili 2020, na akagombana na João Doria, gavana wa São Paulo aliyefunga shughuli. Doria hakuwa mtu wa kushoto hata kidogo. Mwaka 2018 alifanya kampeni akijinasibisha na Bolsonaro.

Kuhusu wanasiasa kunyamaza, siafikiani nawe. Kufunga shule ni uamuzi wa kisiasa kwa haki kabisa, kwa sababu unagawa maumivu: anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa nyumbani haumii sawa na kibarua anayelipwa kwa siku, na mtoto asiye na intaneti hupoteza masomo ambayo mwenzake hayapotezi. Daktari anaweza kukueleza jinsi virusi vinavyoenea, lakini hana mamlaka ya kuamua nani abebe mzigo huo. Kinachohitajika ni viongozi wa pande zote kukubaliana waziwazi kuhusu hatari yenyewe, kisha wabishane kuhusu mzigo. Canada ilikaribia hapo mwanzoni mwa janga, pale Doug Ford, mhafidhina aliyekuwa akiongoza jimbo la Ontario, alipoacha kurushiana maneno na serikali ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Justin Trudeau, na wafuasi wa vyama vyote wakashika masharti kwa viwango vilivyokaribiana.

Nao wanaotunga masharti wayashike wao kwanza. Mwezi Mei 2020 ilipojulikana kwamba Dominic Cummings, mshauri wa Waziri Mkuu wa Uingereza, alisafiri kutoka London hadi Durham, kaskazini mwa England, wakati wananchi wameamriwa kubaki majumbani, watafiti waliokuwa wakifuatilia maoni ya watu waliona imani kwa serikali ikishuka ghafla huko England, ilhali Scotland na Wales, zenye serikali zao, hazikuona anguko la namna hiyo.