Maswali na Majibu: Bia ya Dubai, Sheria ya Sharjah

Naishi Sharjah, upande wa Al Nahda, kazi yangu iko Dubai na leseni ya pombe ninayo ya Dubai. Naruhusiwa kununua bia huko nikaja kunywea nyumbani? (Fundi wa AC, Sharjah)

Hapana, kaka. Leseni yako inaishia Dubai. Sharjah ilipiga pombe marufuku mwaka 1985, na hata kukutwa nayo ni kosa. Shida yako naijua: Al Nahda ya Dubai na Al Nahda ya Sharjah zimepakana, na wengi wanalala upande wa Sharjah kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu. Unatoka dukani na mfuko wako, umekaguliwa leseni, umelipa, kila kitu halali. Unavuka kwa miguu kwenda kulala, ushavunja sheria.

Wanaokwambia "pombe imeruhusiwa Falme za Kiarabu" wamesikia nusu ya habari. Mabadiliko ya 2020 yalilegeza adhabu za taifa lakini yakaacha kila ufalme ujiamulie. Abu Dhabi ilifuta leseni ya mnywaji mwaka huohuo, Dubai ikaibakiza, Sharjah haikubadili kitu. Na mtu hakamatwi kwa bia peke yake mara nyingi. Polisi wanaitwa kwa ugomvi wa chumbani, au jirani kachoshwa na muziki, wakiingia wanakuta chupa.

Leseni ya Dubai ni shilingi ngapi? (wengi mno)

Ni bure tangu Januari 2023. Nimeshalijibu swali hili, naomba lisirudi. Kilichorudi, Januari 2025, ni kodi ya asilimia 30 kwenye pombe yenyewe. Leseni wanapewa wasio Waislamu waliofikisha miaka 21.

Chumbani kwetu tuko wanane. Kuna mwenzetu anapika pombe na kuuza kwa watu wa kambi. Anasema ni salama, ni ileile ya nyumbani. Tumwache? (Jina limehifadhiwa)

Msimwache, ndugu zangu, na hili naliandika kwa uzito wote. Agosti 2025 huko Kuwait, nchi isiyoruhusu pombe hata tone, watu 23 walikufa kwa pombe ya magendo yenye methanoli, spiriti yenye sumu, na walioathirika walifika 160. Wengi walikuwa vibarua kutoka Asia, watu wa kambi kama nyinyi. Wapo waliopofuka. Kenya tuliyaona hayohayo Kirinyaga mwaka 2024.

Methanoli huijui kwa ladha wala kwa harufu. Mtu anakunywa, analala, anaamka akidhani ni uchovu wa kawaida. Baadaye anaanza kutapika, tumbo linauma, macho yanaona ukungu. Akifika hapo msimpe maji ya ndimu wala msingoje asubuhi. Pigeni 998, ambulensi ije, na daktari aambiwe wazi alichokunywa, maana dawa ipo ila inataka kuwahi. Najua mnaogopa polisi. Kiogopeni zaidi kifo cha mwenzenu sakafuni.

Na huyo mpishi akikamatwa ni jela, kisha kurudishwa kwao. Nyinyi saba mtaeleza vipi kwamba mlilala na mapipa hayo bila kujua? Kinachoniuma ni kwamba mtalii anakunywa ghorofa ya hamsini chini ya leseni ya hoteli, na kibarua asiyeweza bei ile ndiye anayeishia kwenye sumu ya ndoo. Mnyonge ndiye anayelipa. Ndiyo maana nawasihi msiwe nyinyi.

Nikinywa bia moja tu, naweza kuendesha gari?

Hapana. Hakuna kiwango kinachosamehewa. Sheria mpya ya barabarani iliyoanza Machi 2025 inataja faini ya dirhamu 20,000 hadi 100,000, au kifungo, au vyote viwili, na leseni ya udereva inasimamishwa. Wewe unayepeleka chakula kwa pikipiki, hiyo ni ajira yako imekwenda.

Mdogo wangu anakwenda kazi za ndani Jeddah. Tumesikia Saudia wamefungua duka la pombe. (Dada mkubwa, Tanga)

Lile la Riyadh, Januari 2024, lilifunguliwa kwa ajili ya wanadiplomasia wasio Waislamu. Dada, mdogo wako halimhusu hata chembe. Mwambie asipokee chupa kutoka kwa mtu yeyote, hata akiambiwa ni ya kumfikishia rafiki. Wakala wake amempa nakala ya mkataba wa kazi? Hilo ndilo ningeulizia kwanza.

Tunataka kusherehekea siku ya kuzaliwa, Watanzania na Wakenya kama thelathini. Ufukweni na bia inaruhusiwa?

Ufukweni na bia, hapana. Kunywa hadharani ni kosa, Dubai pia. Nendeni Al Mamzar na mkaa wenu, nyama, ndizi na kachumbari. Choma sehemu zilizotengwa tu, na muwahi kabla ya mchana siku ya Jumamosi, majiko hujaa.