Sema kilichotokea, kisha nyamaza

Meli imezama. Kimetokea nini? Meli imezama. Fulani kapelekwa gerezani. Kimetokea nini? Kapelekwa gerezani. Lile la "maskini, kapatwa na balaa" kila mtu analiongeza mwenyewe.

Ndivyo Epictetus alivyowafundisha wanafunzi wake huko Nicopolis, Ugiriki, miaka 1,900 hivi iliyopita. Hakuwa mtu wa raha. Alikuwa mtumwa Roma, mguu wake una ulemavu, na alipokwisha kuachwa huru akaanza kufundisha, Kaisari Domitian akawafukuza wanafalsafa mjini. Ni katika Wastoiko, kundi lilelile la wanafalsafa lililokutana na Paulo kule Athene katika Matendo ya Mitume 17. Fundisho lake ni jepesi kulieleza na gumu kulishika: kinachotukaa kooni mara nyingi si tukio lenyewe, ni hukumu tuliyolivika. Kwa hiyo kazi ya kukubali yaliyokufika inaanzia kwenye sentensi unayojiambia.

Tuchukue mfano mmoja tuupasue. Saa tatu usiku unaingia ujumbe wa meneja: "Kesho saa mbili uje ofisini kwangu." Kichwa kinaanza: wamenichoka, kazi imeota mbawa, ada ya watoto nitaitoa wapi. Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika kile ambacho hata mtu asiyekujua angekiandika: nani katuma, saa ngapi, maneno yenyewe. Mistari miwili inatosha. Kulia andika yote uliyoongeza, bila kuyapamba wala kuyaonea haya. Kwa kawaida kushoto panakuwa na ujumbe na kulia pana msiba mzima. Chini kabisa andika yaliyo mikononi mwako kabla ya saa mbili: kupanga taarifa ya mwezi, kunyoosha shati, kulala. Usijibu ya kulia moja moja. Hapo ndipo watu hukesha, maana kila jibu linazaa hoja nyingine. Yaandike, yaache.

Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, alijiandikia zoezi la namna hii. Nimeambiwa fulani ananisema vibaya: hilo nimeambiwa, kwamba nimedhurika sijaambiwa. Naona mtoto wangu anaumwa: hilo naliona, kwamba yumo hatarini silioni. Huyo ni baba aliyezika watoto kadhaa, kwa hiyo hakuwa akifanya mzaha.

Yapo maneno ya kuyachunga mdomoni. "Siku zote", "kamwe", "kila mtu", "nimekwisha": ukisikia moja limekutoka, simama na uulize ni lini hasa na ni nani hasa. Chunga pia -nge- na -ngali- za majuto, kama "ningalimsikiliza mama". Sentensi ya hivyo haikupi kazi ya kufanya leo. Igeuze iwe na siku na saa ("Jumamosi asubuhi nitampigia mama") au iache ipite. Kuhusu watu, Epictetus anasema mtu akioga harakaharaka usiseme kaoga vibaya, sema kaoga haraka. Kwetu sisi: si "dereva huyu mwehu", ni "kachomekea bila kuwasha indiketa". Si "ana dharau", ni "hajajibu ujumbe wangu tangu juzi". Si "mtoto mkaidi", ni "nimemwita mara tatu hajaja". Mkaidi hana la kuulizwa tena. Aliyeitwa mara tatu pengine ana maji masikioni.

Wengi huharibikiwa kwenye kulitia tukio sukari. "Nimeachishwa kazi" wanaigeuza "nimefunguliwa milango mipya". Hiyo nayo ni nyongeza, tena hudumu siku chache tu, kisha kodi ya nyumba ikidaiwa mtu huanguka kwa kishindo. Kipimo ni hiki: je, sentensi hii ingefaa kwenye maelezo ya polisi? "Tarehe 3 nimepewa barua ya kuachishwa kazi" inafaa.

Kosa jingine ni baya zaidi: kudhani kukubali ni kukaa kimya. Epictetus anaweka mali, cheo, sifa na hata mwili wenyewe upande wa vitu visivyo vyetu kikamilifu. Vilivyo vyetu ni rai zetu, tunachokitaka, tunachokikwepa na tunachoamua kukifanya. Kudai haki kwa hiyo ni kwetu. Na sentensi kavu husaidia kudai: "Mshahara wa miezi miwili haujalipwa" unaweza kwenda nayo mahali, "wananinyonya" huwezi. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Anayekaa nyumbani akisema "nimeshakubali" siku hizo zinamwishia.

Usitegemee pia kwamba moyo hautadunda. Seneca, Mstoiko mwingine wa Roma, aliliona hili vizuri: mshtuko wa kwanza, kubadilika rangi, kutetemeka, haviko chini ya amri yetu. Acha upite, dakika chache, ndipo useme sentensi yako. Anayejilaumu kwa kushtuka amejiongezea mzigo wa pili.

Anza na vidogo. Epictetus mwenyewe anaanzia kwenye mafuta yaliyomwagika na divai kidogo iliyoibwa. Kwa wiki mbili za mwanzo chukua umeme uliokatika, foleni, chenji iliyopungua. Mtu akianza zoezi hili na ndoa iliyovunjika atalikinai siku ya pili. Usiku kabla ya kulala pitia siku yako kama Seneca, taa ikishazimwa: wapi niliongeza, niliongeza nini. Dakika 5 zinatosha. Na usiruke sehemu yake ya mwisho, ambayo wengi huisahau: alijiambia asirudie tena, na kwamba kwa sasa amejisamehe.

Kwa mambo ya kesho, Seneca alifundisha kupanga kwa sharti: nitasafiri, isipokuwa kitu kikinizuia. Sisi tunalo "inshallah" na "Mungu akipenda", ila tumezoea kulitumia kumkatalia mtu kwa adabu. Lirudishie uzito kwa kutaja kizuizi chenyewe: "Nitafika Iringa saa nane, Mungu akipenda, lori likikwama mlimani Kitonga nitafika usiku, na mwenyeji nimeshamwambia." Hapo kuchelewa kukija kunakukuta umeshakupangia.

Sehemu moja zoezi hili halipelekwi: msibani kwa mwenzio. Kumwambia mfiwa kwamba hilo ni tukio tu na uchungu ni nyongeza yake ni ukatili, hata ukiwa na kitabu mkononi. Epictetus, mkali kama alivyokuwa, anaruhusu kumhurumia aliaye na hata kuugua pamoja naye, mradi usijiangushe ndani. Sema "pole sana", kaa naye. Ukiwa na la kuuliza, liwe la kazi: kibali cha mazishi nani anakifuata, na maji ya kupikia yapo?