CRP ya mbwa wako: usiishie kwenye kipimo kimoja

Mbwa wangu jike aliacha kula ghafla, wiki chache baada ya joto lake (kipindi cha kutaka dume) kuisha. Maji alikunywa bakuli baada ya bakuli, na kila nikimtazama anajilamba nyuma. Daktari wa mifugo alikuta mfuko wa uzazi umejaa usaha. Kwenye majibu ya damu, CRP, protini inayopanda mwili ukivamiwa au ukijeruhiwa, ilikuwa imepita miligramu 100 kwa lita. Mbwa mwenye afya kwa kawaida hana hata 10. Albumini, protini ya kawaida ya damu, nayo ilikuwa imeshuka.

Hiyo albumini ndiyo iliyonipotosha. Nilidhani mbwa amekosa lishe, nikawa namlazimisha mayai. Daktari akanifafanulia: mwili ukivamiwa na vijidudu au ukijeruhiwa, chembe za kinga hupeleka ishara kwenye ini, nalo hubadili kazi. Huzalisha kwa wingi protini za dharura, hasa CRP na SAA, pamoja na haptoglobini na fibrinojeni, huku likipunguza kutengeneza albumini. Albumini nyingine huvuja kupitia kuta za mishipa. Mayai yasingeirudisha wakati usaha bado umo tumboni.

Siku ya pili baada ya upasuaji CRP bado ilikuwa juu, nikalia nikijua tumeshamkosa. Kumbe upasuaji wenyewe ni jeraha, na ini haliulizi nani amekata. CRP ya mbwa huanza kupanda ndani ya saa chache, hufika kilele baada ya siku 1 au 2, kisha hushuka upesi chanzo kikiondoka. Haptoglobini na fibrinojeni huenda polepole zaidi. Siku ya 5 CRP ilikuwa imeshuka sana, na asubuhi hiyo alisimama mwenyewe akaisogelea bakuli.

Kwa hiyo omba kipimo kirudiwe, kwenye maabara ileile, na uulize kama kinafaa kwa damu ya mbwa. Mwambie daktari kama mbwa anapewa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), maana hizo hupandisha haptoglobini hata pasipo ugonjwa mwingine. CRP haisemi tatizo liko wapi. Hilo hutafutwa kwa mikono na kwa picha. Mwenye paka aulizie SAA, CRP haitamsaidia.

Na jike akikataa chakula huku akinywa maji kupita kawaida baada ya joto, mpeleke siku hiyohiyo.