Upasuaji sio unaoisambaza saratani ya thairoidi
Dada, umeuliza kama upasuaji utasambaza saratani ya thairoidi (tezi ya shingoni) ya mama yako. La, kwa kawaida haisambazwi na kisu cha daktari. Seli zenyewe hupokea ishara za kuhama, na ishara hizo ni protini za ukuaji. Ile iitwayo HGF hushika kipokezi cha MET kilicho juu ya seli, seli ikalegea kutoka kwa wenzake na kupenya tishu za jirani. VEGF, protini nyingine ya ukuaji, nayo huchipuza mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe. Ndiyo maana dawa ya lenvatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huziba vipokezi vya VEGF. Nafundisha wauguzi hapa Nairobi, na swali hili huja kila muhula. Ila lenvatinibu ni ya saratani iliyoenea isiyosikia tena tiba ya iodini ya mionzi. Mama asikwepe upasuaji, tafadhali.