Umeandika 24, imetoka kama sisimizi

Mama mmoja, mteja wangu, alipokea kadi zake, akatoa moja, akaisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka. Akairudisha karibu na pua. Akafungua mkoba, akavaa miwani, akajaribu tena. Mwishowe akanikabidhi mimi.

"Hebu nisomee, mwanangu. Huku chini mmeandika nini?"

Huku chini tuliandika tarehe, saa ya ibada na mahali pa sherehe, yaani kila kitu anachokihitaji mgeni. Nilisoma bila kusita kwa sababu maneno niliyaandika mwenyewe. Akaniangalia, akacheka kile kicheko cha mtu mzima anayekustahi. "Sasa utazunguka na kila kadi ukawasomee?"

Zilikuwa kadi 200 za ubarikio, mwisho wa Novemba. Anayefanya kazi hii ya kubuni na kuchapa kadi hapa Moshi anajua Novemba ikoje: watu wa Dar wanajiandaa kupanda nyumbani kwa Krismasi, kila ukoo una shughuli, printa haipoi tangu asubuhi. Kosa lenyewe wala sikuliona. Kwenye kioo cha kompyuta maandishi yalikuwa mazuri tu, na kisanduku cha saizi kilisema 24. Kwenye Word, 24 ni kichwa cha habari. Imekuwaje itoke hivi?

Usiku ule nilibaki ofisini na rula na kadi moja. Nilikuwa nimeshatumia Photoshop, programu ninayotengenezea kadi, miaka kadhaa, na ungeniuliza ningekuambia naijua. Kumbe sikuwa najua 24 ni nini.

Ile namba kwenye kisanduku huwa ni pointi, na pointi ni kipimo cha karatasi: pointi 72 zinafanya inchi moja. Picha iliyo ndani ya kompyuta haina inchi. Ina pikseli, vile vidoti vya rangi. Kinachoviunganisha viwili hivyo ni rezolusheni, yaani faili limeambiwa pikseli ngapi zikae kwenye inchi moja. Programu inachukua pointi ulizoandika, inazidisha kwa rezolusheni, inagawanya kwa 72, na hapo inajua herufi ichukue pikseli ngapi. Andika 24 kwenye faili la rezolusheni 72, unapata pikseli 24. Andika 24 hiyohiyo kwenye faili la 300, unapata pikseli 100. Fonti ileile, namba ileile, na moja inaizidi nyingine zaidi ya mara nne.

Sasa rudi kwenye kadi yangu. Ilikuwa ya A6, milimita 105 kwa 148. Templeti nilipewa na rafiki, na pikseli zake zilikuwa sahihi kabisa kwa kazi ya kuchapa: 1240 kwa 1748. Ila rezolusheni ilisomeka 72, na mimi sikuangalia. Kwa hesabu ya programu ile haikuwa kadi. Ilikuwa picha ya ukutani, upana karibu sentimita 44 na urefu karibu 62, na mimi nilikuwa naipimia maandishi ya picha ya ukutani. Printa ilipoambiwa itosheleze karatasi, ikaibana picha nzima mpaka ikaingia kwenye A6, na maandishi yakabanwa nayo. Nilipopima kwa rula, kutoka kilele cha herufi ndefu mpaka chini ya mkia wa "g" ilikuwa kama milimita 2. Ile 24 yangu kwenye karatasi ilikuwa 5.76.

Na kwenye kioo ilionekana kubwa kwa sababu kadi nzima haikuenea kiooni. Nilikuwa naitazama kipande kwa kipande, kila pikseli kwa ukubwa wake kamili. Kioo hakikunidanganya. Nilikiuliza swali la karatasi.

Dawa yake ni fupi. Kwenye Photoshop fungua menyu ya Image, kisha "Image Size". Ondoa tiki kwenye "Resample", halafu ndipo uandike 300 kwenye rezolusheni. Hiyo tiki usiisahau. Ukiiacha, programu inabuni pikseli mpya, kila upande unavimba zaidi ya mara nne, kompyuta inaanza kupumua kwa shida, na tatizo la maandishi linabaki palepale. Ukiiondoa, hakuna kitakachosogea kiooni, lakini ukibofya maandishi kisanduku kitasema ukweli: 5.76. Hapo unapandisha hadi 11 au 12. Kwa kadi watakazosoma wazee mimi sishuki tena chini ya 11, hata bwana harusi anibembeleze vipi kwamba ndogo "zina hadhi".

Kwenye GIMP, programu nyingine ya picha, kazi hiyohiyo inafanyika kwenye menyu ya Image pia, sehemu ya "Print Size". Pale unabadilisha rezolusheni bila kugusa pikseli hata moja.

Hii 72 ina historia yake. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kioo cha pikseli 72 kwa inchi, kwa hiyo pikseli moja ilikuwa sawasawa na pointi moja, na ulichokiona kiooni ndicho kilichotoka kwenye karatasi kwa ukubwa uleule. Photoshop yenyewe ilizaliwa kwenye Macintosh, mwaka 1990. Vioo vya leo vimeshaiacha 72 mbali sana, ila namba imebaki ndani ya mafaili kama kalenda ya mwaka juzi ukutani kwa fundi.

Tatizo hili lina pacha wake wa upande wa pili. Dogo tunayefanya naye kazi alifungua faili la posta ya status, pikseli 1080 kwa 1920, akaandika 48, na neno "KARIBUNI" likatoka nje ya picha pande zote. Akaniita: "Bro, programu imeharibika." Haikuharibika. Faili lilikuwa limekaa kwenye 300, kwa hiyo 48 yake ilikuwa pikseli 200. Kwa kazi ya simu karatasi haihusiki hata kidogo, basi acha kupima kwa pointi. Nenda Edit, Preferences, "Units & Rulers", badilisha kipimo cha maandishi kiwe pikseli. Tangu siku hiyo akiandika 60 anapata 60, faili liwe la 72 au la 300. GIMP ina nafuu hapa, kwani huanza na pikseli yenyewe. Anayeipeleka kwenye pointi ni wewe.

Kuna siku lakini rezolusheni iko sawa na maandishi bado hayasikii. Hapo mimi naangalia kwanza kama nimechagua kitu. Kwenye Photoshop, ukiwa na kimstari kinapepesa katikati ya maneno bila kuyachagua, ukibadilisha saizi hakuna kitakachotokea mpaka uandike herufi mpya. Saizi mpya ni ya zile zijazo. Toka kwenye maandishi, chagua leya yenyewe, yaani tabaka la picha lililobeba maneno hayo, kisha badilisha. Kisanduku kikiwa kitupu, bila namba, maana yake ndani ya leya moja kuna saizi zaidi ya moja.

Halafu kuna mabaki ya kazi ya jana. Photoshop ina kumbukumbu ya mke mwenza: ulichofanya mara ya mwisho inakuletea leo. Jana uliandika mita za mraba kwa ajili ya tangazo la kiwanja, ukapandisha ile 2 ndogo juu, ukasahau kuzima. Leo kila unachoandika kinatoka karibu nusu ya saizi na kinaelea juu ya mstari. Au mtu alivuta herufi kwenda juu kwa asilimia 150, na fonti yote inaonekana ina njaa. Usihangaike kutafuta kitufe kimoja kimoja. Kwenye kidirisha cha Character, kona ya juu kulia, kuna menyu yenye "Reset Character". Hiyo inafuta mabaki yote. Mistari ikipandana baada ya kukuza herufi, nafasi kati ya mistari imeandikwa namba maalum. Irudishe kwenye "Auto", ambayo kwa kawaida ni asilimia 120 ya saizi.

GIMP ina ukaidi wake. Ukibadilisha saizi ya neno moja kupitia kile kijibao kinachoelea juu ya maandishi, neno hilo linajitenga: baadaye ukibadilisha saizi kwenye paneli ya pembeni, mengine yote yanatii na lenyewe linabaki lilivyo. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, bofya kitufe cha kufuta mitindo kwenye kijibao hichohicho, kisha anza upya. Maneno yakikatwa mwisho, kisanduku chake kimefungwa saizi. Kigeuze kuwa "Dynamic". Na ukiwahi kuvuta leya ya maandishi kwa zana ya kukuza, GIMP imeshaifanya picha. Ukirudi kuhariri maneno itakuuliza unataka nini, ukikubali kuhariri inarudi kwenye saizi ya zamani na kazi ya kuvuta imepotea. Hii imenilaza ofisini zaidi ya mara moja.

Kuhusu fonti sitasema mengi, ila wateja wa kadi za harusi wananipa kazi hapa. Wanapenda zile fonti za mwandiko zenye mikia. Wanaona Arial ya 14 inasomeka, wanasema "weka hiyo ya mikia, saizi ileile", na inatoka nusu. Namba ya saizi haipimi herufi unayoiona. Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, ilipima kipande cha madini kilichobeba herufi, na fonti za kompyuta zimerithi hivyo: kila mchoraji anaamua herufi yake ijaze kiasi gani cha kipande hicho. Za mwandiko huacha nafasi kubwa kwa ajili ya mikia, mwili wa herufi unabaki mdogo. Kwa hiyo fonti hizo zipandishe kwa macho, sio kwa namba, na uzitumie kwenye majina ya maharusi tu. Namba ya simu kwa fonti ya mikia ni kumkosesha mtu mchango.

Mabango ndiyo mahali ambapo hesabu hii inalipa. Mteja anataka bango la mita 3 kwa mita 1 la kuning'iniza karibu na kipilefti cha YMCA. Kijana mpya anafungua faili la mita 3 kwa rezolusheni 300, kwa sababu amesikia 300 ndiyo ya kuchapa. Hiyo ni pikseli zaidi ya 35,000 kwa upana, wakati faili la kawaida la Photoshop, lile la PSD, linaishia 30,000. Kompyuta inaganda, umeme unakatika, kazi imekwenda. Bango linatazamwa kwa mbali. 100 inatosha kabisa.

Watengenezaji wa mabango wana kanuni yao: herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtu akiwa mita 30, kwenye daladala inayozunguka, anahitaji herufi ya sentimita 25. Kwa fonti kama Arial, ambayo herufi yake kubwa huchukua kama asilimia 70 ya saizi iliyoandikwa, hiyo ni karibu pointi 1000. Photoshop ikikataa namba kubwa namna hiyo, andika 500 kisha Ctrl+T, ile ya kukuza, vuta asilimia 200. Ukali haupotei maadamu leya bado ni ya maandishi. Kisha piga hesabu nyingine: bango lina sentimita 100 kutoka juu hadi chini. Mistari mitatu ya herufi hizo imeshalijaza. Mteja amekuja na mistari tisa, ikiwemo majina ya kamati nzima. Zamani nilikuwa nabishana naye. Siku hizi nachapa neno moja kwa saizi anayoitaka yeye, nalibandika ukuta wa duka la jirani, tunavuka naye barabara tukalisome kutoka ng'ambo.

Kadi nazo nina utaratibu wake. Kabla ya kuchapa zote nachapa moja kwenye karatasi ya kawaida, kwa asilimia 100, ile ya kutoshea karatasi nimeizima, na nampa mzee anayeuza magazeti nje. Akisogeza mkono, nimefeli. Kwa kazi ya simu naituma kwenye simu yangu mwenyewe kwanza. Faili la mteja mwingine naomba litumwe WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu likitumwa kama picha linapunguzwa pikseli njiani, na maandishi madogo ndiyo hufa kwanza.

Yule mama nilimchapia kadi nyingine 200 kwa gharama yangu, akazifuata kesho yake jioni. Hakufungua mkoba. Alisoma mpaka chini, akafika kwenye jina la ukumbi, akasema nimekosea herufi moja.