Maswali na Majibu: Dhambi ya mauti, dhamiri, na kopo lililobonyezwa kitako

Tumsifu Yesu Kristo. Mwezi huu maswali mengi yaliyonifikia kutoka Kigoma mjini na vijiji vya ufukweni yanazunguka jambo moja: hii ni dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito inayomtenga mtu na Mungu, au siyo? Nimechagua matano, na majina ya waulizaji nimeyaacha.

Mwanangu alilazwa, nikakosa Misa Jumapili mbili. Mwenzangu wa jumuiya anasema nisipokee Komunyo mpaka niungame. Ni kweli? (Mama, Mwanga)

Si kweli, mama. Kukosa Misa ya Jumapili kwa makusudi, bila sababu ya maana, ni jambo zito, na Kanisa halimung'unyi maneno hapo. Lakini Katekisimu yenyewe, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inataja ugonjwa na kutunza watoto wachanga kuwa sababu zinazomwondolea mtu wajibu huo. Wewe ulikuwa wodini na mgonjwa. Kama hakuna jingine linalokulemea, kapokee Komunyo Jumapili hii, na huyo mwenzako umwambie kwa upole kwamba dhambi haihesabiwi kwa kutazama nani hayupo kwenye benchi.

Nauza mawese. Kopo langu la lita limebonyezwa kitako kwa ndani. Nililinunua hivyo, na sokoni karibu kila mtu analo. Mteja anapungukiwa kidogo tu. Kidogo hicho nacho ni dhambi ya mauti? (Mfanyabiashara, Mwandiga)

Ndugu yangu, hapa nitakaa, maana swali lako limeninyima usingizi.

Niliazima makopo mawili, moja zima na moja la namna ya lako. Nikajaza zima maji, nikayamimina kwenye lile lililobonyea. Likajaa pomoni, na maji yakaendelea kunimwagikia mkononi. Nikarudia, safari hii nikikinga yanayozidi kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Kikombe kilijaa. Tuseme ni sehemu moja ya ishirini ya lita. Ukiuza makopo 40 kwa siku, jioni umebaki na lita 2 za watu. Kwa siku 26 za soko ni lita 52: madumu mawili ya lita 20, na la tatu limevuka nusu.

Mteja mmoja mmoja kapoteza kidogo, ni kweli. Wewe hukuchukua kidogo. Walikuwapo walimu waliofundisha kwamba anayeiba kidogo kidogo, hata asiporudisha, hatendi dhambi ya mauti, jumla iwe kubwa namna gani. Papa Inosenti XI alilikataa fundisho hilo mwaka 1679. Na zamani zaidi, nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakisubiri Sabato ipite ili warudi kupunguza kipimo.

Ili dhambi iwe ya mauti, mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vizuri kwamba ni zito, na aamue kwa hiari yake kamili. Moja likikosekana, inaweza kubaki dhambi, lakini si ya mauti. Kwako uzito upo. Kuhusu kujua, huenda mazoea ya soko yalikufumba macho, na hilo hupunguza lawama mbele ya Mungu. Ila umeshauliza, umeshajibiwa. Kesho asubuhi ukilishika tena kopo hilo, utalishika ukijua.

Na hilo la "kila mtu analo" liache. Mama anayekuja na shilingi zake za mboga hakutani na kila mtu. Anakutana na wewe.

Kwa hiyo nunua kopo zima, kisha uende kuungama, na urudishe. Wateja unaowafahamu waongezee kipimo mpaka deni liishe, si lazima uwatangazie. Usiowafahamu, haki yao iende kwa maskini, na padre akusaidie kupanga kiasi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Wewe rudisha walau kilichopungua.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa nilivua usiku kwa siri. Dhamiri hainisuti hata kidogo, na tulifundishwa kufuata dhamiri. Nina kosa? (Kijana, mvuvi)

Mwanangu, ni kweli Kanisa linafundisha kwamba mtu atii dhamiri yake iliyo na hakika. Lakini linafundisha pia kwamba dhamiri inaweza kukosea, na asiyejishughulisha kutafuta ukweli hulaumiwa kwa kosa linalotokana na uzembe wake. Kioo cha chemli kikishika masizi, chumba huwa giza, na mafuta hayana kosa. Mtu hufuta kioo.

Basi jiulize hivi. Ulijua kwa nini Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti? Lilifungwa ili samaki wazaliane, wewe na wanao mvue kesho. Sheria ya haki inayolinda mali ya wote hufunga dhamiri pia. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Warumi kwamba watii mamlaka si kwa kuogopa adhabu tu. Kama nyumbani hapakuwa na chakula kabisa, mwambie padre hivyo hivyo, kwa kuwa njaa hubadilisha hukumu. Kama ilikuwa ni kuwahi bei nzuri wakati wenzako wametundika nyavu, mwambie hilo pia. Mimi siwezi kukuhukumu kutoka hapa. Ninachokuomba ni usiite ukimya wa moyo ushahidi kabla hujauhoji.

Dhambi moja ya usichana wangu nimeiungama mara sita, na bado naona haijaondoka. Niungame tena? (Dada, Kasulu)

Hapana, dada. Uliiungama kwa moyo mnyofu, padre akakuondolea, imekwisha. Huo ni wasiwasi wa dhamiri, na unatesa kweli. Mtakatifu Ignas wa Loyola ulimkaba kule Manresa, Hispania, mpaka akajiwa na fikra za kujiua. Chagua padre mmoja, umweleze hali hii yote, kisha umtii atakapokwambia usiirudie. Na usiku ukizidiwa na mawazo, usibaki peke yako nayo: mwamshe mtu.

Huku kwetu padre hufika mara chache, kwa boti. Nikifa na dhambi kubwa kabla hajaja? (Mzee, ufukweni Uvinza)

Mzee wangu, shikamoo. Kanisa linafundisha juu ya majuto kamili: kutubu kwa sababu unampenda Mungu uliyemkosea, na si kwa kuogopa moto tu. Majuto hayo, yakiwa na nia thabiti ya kuungama mara nafasi itakapopatikana, hupata maondoleo hata ya dhambi za mauti. Na maneno yake unayo tangu utotoni. Ile Sala ya Kutubu tunayoikimbiza kila siku inataja sababu ya majuto: "ndiwe mwema, ndiwe mwenye kupendeza". Leo usiku isali polepole, usimame hapo. Na siku boti ya padre ikitia nanga, uwe wa kwanza kwenye foleni ya kitubio.