Kuzamia Dwejra, Gozo: tazama upepo kwanza

Dwejra iko pwani ya magharibi ya kisiwa cha Gozo, nchini Malta, na imeelekea bahari kuu. Upepo wa kaskazini-magharibi, ambao wenyeji huuita majjistral, ukivuma, mawimbi hupiga moja kwa moja miamba ya Blue Hole, shimo la asili ambalo wazamiaji huingilia majini. Kuingia majini bado kunawezekana. Kutoka ndiko kunakoumiza watu. Kabla ya kuvaa chochote, simama juu ya mwamba dakika kumi, maana mawimbi makubwa huja kwa mafungu na dakika mbili za utulivu hudanganya. Povu likifunika mwamba wa kutokea, hamia Mġarr ix-Xini, ghuba nyembamba ya kusini-mashariki iliyokingwa na upepo huo.

Aliyezoea maji ya Pemba au Mafia hukosea kwenye uzito. Hapa bahari hushuka hadi nyuzi 15 hivi mwishoni mwa baridi, na hata Mei suti ya kuzamia ya milimita 5 yenye kofia ni ya lazima. Suti nene huelea, kwa hiyo utahitaji vipande zaidi vya risasi, yale madini mazito ya kukuzamisha, kiunoni. Anza na kilo 2 za ziada kisha ujipime penye maji tulivu. Jaketi la kuelea likiwa halina hewa na pumzi nusu, maji yakufikie machoni. Halafu kumbuka mtungi: ule wa lita 12 ukitoka bar (kipimo cha shinikizo la hewa) 200 hadi 50 hupoteza hewa yenye uzito wa kilo 2 hivi. Ukijipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo hizo, la sivyo mwisho wa mbizi utashindwa kutulia mita 5 kwa dakika tatu, kituo cha usalama kabla ya kuibuka.

Njia ya kushukia Blue Hole ni mawe ya chokaa yenye makali. Vaa viatu vya soli ngumu, na mapezi yabaki mkononi hadi ufike majini. Ndani ya shimo kuna tao la kutokea baharini. Ukishapita, hesabu hewa ya kurudi, kwa sababu mlango wako ni uleule. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 60 akiwa mita 20, na bar 150 za mtungi wa lita 12 zitamwishia ndani ya nusu saa. Geuka mapema, ukiwa na bar 120.

Karibu na hapo kuna ziwa dogo la maji ya bahari, Inland Sea, lenye handaki la mita 80 hivi linalotokeza nje. Ni mbizi nzuri mno, ila boti za watalii hupita humohumo. Kaa chini, shika ukuta, washa tochi, na usiibuke katikati ya handaki kwa sababu yoyote isiyo dharura.

Lile tao maarufu la Azure Window usilitafute juu: lilianguka Machi 8, 2017, na mawe yake sasa yanazamiwa.

Ngome ya Ċittadella iliyoko Victoria na mahekalu ya Ġgantija, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, yaache hadi siku ya mwisho. Baada ya mbizi kadhaa mwili unahitaji angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na hizo zinatosha kutembea huko bila haraka. Sokoni sikiliza bei kwa Kimalta: sitta, sebgħa, disgħa. Utajua wanasema sita, saba, tisa.